Nyumba za wageni kando ya Daua

UKITAKA kuchekwa na watu wa Nairobi, waambie kwamba unakwenda Mandera kupumzika. Mimi niliwaambia wenzangu ofisini nikachekwa hadi chai ikanimwagikia. "Watu wakitaka kupumzika huenda Naivasha," akasema mmoja wao akijifuta machozi. "Mandera mtu haendi ila kwa barua ya uhamisho."

Sikumlaumu. Sisi wa mjini tumekwisha kuamini kwamba starehe ya nje ya nyumba ni ya aina moja tu, ile ya kando ya ziwa. Unakodi nyumba ndogo ya mbao Naivasha au Baringo, watoto wanapanda mashua, baba anachoma nyama, na mama anajaribu kupumzika lakini hawezi kwa sababu macho yake yako kwa watoto walio majini. Jioni viboko wanatoka kula nyasi na kila mtu anakimbilia mlangoni. Tena starehe hiyo haina msimu. Iwe Januari au Julai, ziwa liko pale pale, na ndiyo sababu wenye nyumba hizo hupata riziki mwaka mzima.

Mandera hakuna ziwa. Kuna mto, nao kuna miezi ambapo mto wenyewe hauonekani. Lakini kuna mzee mmoja huko aliyekuwa amekata shauri kujenga nyumba sita za wageni kando ya mto huo, na mimi ndiye niliyeitwa nikamwambie kama wazo lake ni la akili au la wazimu.

Niliitwa na mwenzangu wa chuo. Tulisomea uandishi wa habari pamoja, tukalala chumba kimoja kwa miaka miwili, na kwa muda wote huo hakuchoka kunisimulia miembe ya adeer wake. Adeer ndivyo Wasomali wamwitavyo ndugu wa baba. Sasa adeer huyo, aliniambia kwa simu, ameuza ngamia wanane. Wanawe walioko Eastleigh wanamsihi fedha hizo anunue sehemu ya duka mjini Nairobi. Yeye hataki kusikia habari ya duka. Anataka wageni. "Wewe huandika habari za hoteli kila Jumapili," akasema mwenzangu. "Njoo umwambie ukweli kabla hajanunua saruji."

Ilikuwa mwisho wa Desemba, shule zimefungwa. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amekwisha kupanga nguo zake katika mkoba wa shule. Mume wangu hakunikataza kwenda, bali aliuliza swali moja tu: "Na mtoto je?" Tulitazamana. Nikamwendea kijana nikamwambia Mandera ni mbali, nitampeleka safari nyingine. Akaniuliza, "Kwani huko hakuna watoto?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia akalale.

Kwenye pembe ya ramani

Kwa barabara, Mandera ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi: Garissa, Modogashe, Wajir, El Wak, na bado kuna safari. Mimi nilipanda ndege pale Wilson. Dirishani nchi ilikuwa ya kahawia, kavu, imekwaruzwa na njia za mifugo. Baada ya muda mrefu ukatokea mstari wa kijani, mwembamba kama uzi uliodondoka juu ya mkeka. Huo ndio mto Daua.

Tazama ramani ya Kenya, pembe ya juu upande wa kulia, pale nchi tatu zinapogusana. Kaskazini, ng'ambo ya mto, ni Ethiopia na mji wao wa Suftu. Mashariki ni Somalia na mji wa Bula Hawa. Mtu wa Mandera anaweza kuamka asubuhi akasikia jogoo wa nchi tatu wakiwika, wala asijue ni yupi aliyetangulia. Mji uko chini, kama mita 230 tu juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka ni kidogo, milimita 250 hivi. Ukishuka kutoka kwenye ndege joto linakushika uso kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri la mkate.

Bila Daua pengine pasingekuwa na mji mkubwa hapo. Mto huu hauzaliwi Kenya. Unatoka nyanda za juu za Ethiopia, unateremka na kuwa mpaka baina ya nchi hizo mbili, unapita Malka Mari (hapo pana mbuga ya taifa iliyotangazwa mwaka 1989 ambayo Wakenya wengi hawajawahi hata kuisikia), kisha Rhamu, hatimaye Mandera. Kutoka hapo unafuata mpaka wa Ethiopia na Somalia, unakutana na mto Ganale karibu na Dolo, na kwa pamoja wanakuwa mto Juba ambao humwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Kismayu. Maji niliyonawia miguu yangu siku ile yalikuwa yamesafiri nchi mbili na yana ya tatu mbele yake, wala hakuna aliyewaomba pasipoti.

Chini ya miembe

Shamba la mzee liko nje kidogo ya mji. Unatoka kwenye vumbi na jua linalochoma utosi, unapita lango la miiba, halafu ghafla unaingia gizani. Siongezi chumvi. Miembe ya hapo ni mikubwa, imeshikana matawi, na jua likipenya hufika chini vipande vipande tu. Nilihisi jasho la shingoni likinipoa. Baada ya miembe kuna migomba, kisha ndimu na mipapai, kisha vitalu vya vitunguu na nyanya, na ukingoni kabisa matikiti maji yamelala mchangani. Pampu ya dizeli inanguruma ikivuta maji kutoka mtoni na kuyamwaga kwenye mitaro. Mzee huizima saa ya sala, na hapo ndipo unapowasikia ndege.

Mzee mwenyewe ni mrefu, ndevu zake amezipaka hina, na hana haraka. Alinikaribisha kwa maneno machache na chai nyingi. Chai ya huko, msomaji, si hii yetu. Inachemshwa kwa maziwa ya ngamia, iliki, mdalasini na sukari ambayo daktari wangu asingependa kuiona. Kisha ikaja anjera, ile mikate laini yenye matundu, na nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa hadi ikakauka, ikahifadhiwa ndani ya samli. Nyirinyiri hukaa muda mrefu bila kuharibika. Kwa anayekwenda matembezi ya mbali hakuna chakula bora zaidi, na nashangaa kwa nini hatubebi sisi tunapokwenda milimani, badala ya mikate ile inayopondeka mkobani.

Nilikuwa nimekuja nikidhani kwamba mzee ana ndoto ya kuanzisha kitu kigeni. Ijumaa ikanionyesha vingine. Baada ya sala ya adhuhuri watu walianza kuingia shambani. Familia nzima nzima, na mikeka, na chupa za chai, na watoto wachanga mgongoni. Akina mama walitandika upande mmoja, wanaume upande wa pili, wasichana wakajitafutia mwembe wao wakapakana hina. Wavulana hawakukaa popote. Walitupa kanzu zao wakaenda mtoni. Mafundi wa gari, walimu, mwenye duka la simu, wote walikuwa wamelala chali chini ya miembe wakitazama majani. Hakuna aliyelipa hata shilingi. Anayetaka hununua papai au tikiti akiondoka, na asiyetaka hurudisha salamu.

Kwa hiyo watu wa Mandera wanapumzika nje siku zote, msomaji. Ni sisi tusiojua. Wazo la mzee lilikuwa hili: watu wale wale, na wengine kutoka mbali, wapate pa kulala.

Nilimuuliza kuhusu mamba. Akanionyesha kwa kidole. Wavulana walikuwa wakiogelea mahali pamoja tu, penye maji mafupi na mchanga mweupe, na juu ya ukingo alisimama kijana wa miaka kumi na minne hivi mwenye rundo la mawe miguuni. Hakuwa akicheza. Kazi yake ilikuwa kutazama maji, na kila baada ya muda mwingine alitoka majini, akajifuta, akachukua zamu. Mamba wa Daua wamewahi kuua watu na kuwakata viungo, na hakuna mtu wa Mandera asiyejua jambo hilo. Mzee alisema hatari zaidi ni wakati mto unapopungua, mamba wanapokusanyika katika madimbwi machache ambayo watu na mifugo nao huyategemea. "Mahali pale naparuhusu," alisema. "Pale kwenye kivuli, hata ngamia wangu hanywi."

Misimu minne

Kwenye ziwa la Naivasha mwaka mzima ni siku moja inayorudiwa. Kwenye Daua mwaka una misimu minne, na mzee alinieleza kila mmoja kwa hesabu ya mtu aliyekwisha kufikiria atawafanyia nini wageni wake.

Kuanzia Januari hadi Machi ni Jilaal, kiangazi kikali. Mara nyingi joto hupita nyuzi 35 na mto hupungua hadi unabaki madimbwi, miaka mingine hukauka kabisa. Mimi ningesema huo si wakati wa wageni. Mzee alicheka. Mto ukikauka, alisema, ndipo unapokuwa uwanja. Vijana hucheza kandanda juu ya mchanga, pana kama uwanja wa Nyayo, mbuzi wakiwa watazamaji. Watu huchimba visima mchangani na maji hutoka baridi na safi. Jioni ngamia huletwa kunywa kwa mamia, na wachungaji huwaimbia wanapovuta maji. Na usiku hakuna anayelala ndani: vitanda hutolewa uani, chandarua hufungwa juu ya miti minne, na mtu hulala akitazama nyota. Nililala hivyo kwa siku nne. Nairobi nyota tunazihesabu kwa vidole. Mandera sikujua nianzie wapi.

Gu ni mvua za masika, Aprili na Mei. Ardhi ile ya kahawia hugeuka kijani kwa muda wa wiki moja, maziwa hujaa vibuyu, na ndiyo miezi ya arusi. Lakini ndiyo miezi ya mto mkubwa vilevile. Mvua inaweza kunyesha Ethiopia huku Mandera mbingu zikiwa kavu, halafu maji yakafika usiku bila hodi.

Juni hadi Septemba ni Hagaa, msimu wa upepo. Mawingu hutanda lakini hayanyeshi, joto hupungua, na hiyo ndiyo miezi ambayo mtu wa bara angeweza kutembea kutwa bila kuzimia. Ukitoka na kijana anayejua njia utawaona swala twiga wakisimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya juu, digidigi wawili wawili, na makundi ya kanga wenye vifua vya buluu. Mzee alitaka kuwapeleka wageni pia kuona jinsi manemane na uvumba zinavyokusanywa, zile tunazonunua mjini bila kujua kwamba zinatoka kwenye miti ya nchi yetu wenyewe. Baadaye, Oktoba hadi Desemba, ni Deyr, mvua fupi, na hesabu inaanza upya.

Hiyo ndiyo hesabu katika mwaka mzuri. Mzee hakunificha ile mibaya. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mapema 2023 mvua ilikataa misimu mitano mfululizo, na mizoga ya mifugo ikalala kando ya barabara zote za kaskazini. Halafu Novemba 2023 mvua ya El Nino ikaja yote kwa pamoja.

Vigingi sita

Siku ya tatu alinipeleka kuona mahali pa nyumba zake. Palikuwa pazuri mno. Mto unapiga kona hapo, mikoma imesimama kama walinzi, na ng'ambo unaona moshi wa majiko ya Ethiopia. Vigingi sita vilikuwa vimepigwa, vimefungwa kamba. Nilihesabu hatua kutoka kigingi cha kwanza hadi ukingoni: kumi na nane.

Nikamuuliza Novemba ile maji yalifika wapi. Hakusema kitu. Alienda hadi kwenye mwembe uliokuwa nyuma yetu, si mbele, akaweka kiganja chake kwenye shina, juu kidogo ya goti. Hapo gome lilikuwa na rangi mbili.

Ndipo nikamsimulia habari za Baringo. Huko, nilimwambia, watu wenye fedha kuliko wewe na mimi walijenga hoteli na kambi ukingoni mwa ziwa, zikapokea wageni kwa miaka mingi, vizazi hadi vizazi. Maji yakaanza kupanda kidogo kidogo baada ya 2010, na kufika mwaka 2020 ziwa lilikuwa limeingia vyumbani. Leo unapita kwa mashua na mwongozaji anakuonyesha paa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hao walikuwa na ziwa lisilotembea?"

Tukarudi kimya kimya. Jioni, chai ilipokwisha kumiminwa, akaniuliza lile swali nililokuwa nikilingoja. Watu wa Nairobi watakuja?

Nilianza kuzunguka kama wafanyavyo waandishi. Nikasema habari ya umbali, nauli ya ndege, joto. Nikasema kuna watu ambao hawapumziki bila chupa ya pombe, na hapa hawataipata. Mzee aliinua mkono. "Binti yangu, una watoto?" Nikamwambia ninaye mmoja, wa miaka tisa, na shule zimefungwa. "Mbona hukuja naye?"

Mwenzangu alitazama chini. Pampu ilikuwa imezimwa na kulikuwa na kimya cha kutosha kusikia mtu akimeza mate.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwamba Nairobi jina la Mandera likitajwa watu hukumbuka Novemba 22, 2014, abiria 28 walipotolewa ndani ya basi na kuuawa. Mzee akasema yeye pia anakumbuka, tena waliouawa wengi walikuwa walimu wa watoto wa Mandera, na baada yao madarasa yalikaa matupu. Nikamkumbusha, au tuseme alinikumbusha yeye, basi la Desemba 2015 karibu na El Wak, ambapo abiria Waislamu walikataa kujitenga na wenzao Wakristo hata wakiwa wameelekezewa bunduki. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki mwezi uliofuata. Wanafunzi wengi wa mijini wanaijua habari hiyo kwa sababu ya filamu "Watu Wote" ya mwaka 2017 iliyofika hadi kwenye orodha ya kuwania tuzo za Oscar. Lakini kuijua habari ya ushujaa, nilimwambia mzee, si sawa na kumpandisha mtoto kwenye basi.

"Basi umenijibu," akasema. Hakuwa na hasira. Aliniongezea chai.

Mama anasema

Aliyeokoa jioni ile alikuwa mkewe. Muda wote alikuwa ameketi kando akisuka mkeka, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani hafuati Kiswahili chetu. "Yeye anataka nyumba za mawe," alisema bila kuinua kichwa, "kwa sababu aliziona Mombasa."

Kisha akaeleza, na ninaandika kama nilivyoelewa. Msomali mfugaji hajawahi kumlaza mgeni katika nyumba ya mawe. Humlaza ndani ya herio, ile nyumba ya mviringo ya fito zilizokunjwa na kufunikwa mikeka na ngozi. Wanaoijenga ni wanawake. Bibi arusi hutayarishiwa na mama yake na shangazi zake, fito kwa fito na mkeka kwa mkeka. Ndani ni baridi kwa sababu upepo hupita kwenye mikeka. Na familia ikitaka kuhama, nyumba nzima hufunguliwa asubuhi na kupakiwa juu ya ngamia. "Mto ukija," akasema mama, "nyumba ya saruji itakaa. Herio itaondoka." Halafu, baada ya kimya kidogo, akamwambia mumewe kwamba wale ngamia aliowauza ndio wangezibeba.

Tulicheka wote, mzee akiwa wa mwisho kuanza na wa mwisho kumaliza.

Kutoka hapo mazungumzo yalikuwa mengine. Nilimwambia asiwangoje watu wangu wa Naivasha. Awafikirie kwanza wale waliolala chini ya miembe yake siku ya Ijumaa. Kuna walimu, wauguzi na wafanyakazi wa serikali ya kaunti wanaoishi kwenye vyumba vya mabati vyenye joto la kuivisha mayai. Kuna wana wa Mandera walioko Eastleigh, Garissa, hata Minneapolis, wanaorudi Idi na watoto ambao hawajawahi kulala nje wala kukama ngamia. Hao hawahitaji kuambiwa Mandera iko wapi. Wanachohitaji ni mtu wa kuwatunzia kitanda, chandarua na kijana wa kutazama mamba. Mwenzangu aliandika hesabu kwenye daftari la mpwa wake: herio tatu, si sita, zisimame nyuma ya mwembe wenye rangi mbili na si mbele yake.

Mzee bado ana tumaini lake. Kwa miaka mingi limezungumzwa bwawa la pamoja la Kenya na Ethiopia kwenye mto Daua, la kuzuia mafuriko na kumwagilia mashamba. Likijengwa, alisema, litakuwa ziwa, na hapo nitakosa kisingizio.

Ukitaka kwenda

Sitakudanganya, msomaji, kwamba Mandera leo ni mahali pa kuamka tu na kwenda. Mpaka haujatulia. Mwaka 2025 mapigano ya Bula Hawa yaliwatia wakazi wasiwasi mkubwa. Nenda kwa mwaliko wa mwenyeji, uliza hali ya usalama kabla ya kukata tiketi, panda ndege ukiweza, na jua likitua uwe ndani ya ua wa watu wanaokujua. Beba kofia, dawa ya mbu na chandarua. Wanawake wabebe leso pana ya kujifunika, nayo itakufaa kwa jua kuliko mwavuli. Usiingie mtoni ila pale wenyeji wanapoingia.

Na kama jamaa yako hawajawa tayari kufika huko, kuna kianzio cha karibu. Garissa ni kilomita 370 hivi kutoka Nairobi na barabara ni ya lami. Hapo una mto Tana ambao haukauki kama Daua, miembe na migomba ya ukingoni, na kilomita chache nje ya mji hifadhi ya twiga ya Bour-Algi inayotunzwa na wenyeji wenyewe. Twiga wa hapo hukaribia watu, na unatembea kwa miguu, si ndani ya gari. Tana nao hufurika, hasa mabwawa ya juu kama Masinga yakijaa, kwa hiyo uliza kabla ya safari wakati wa mvua.

Aprili, mvua za Gu zilipoanza, mwenzangu alinipigia simu. Maji yalikuwa yamepanda usiku na kufika kwenye mwembe. Herio tatu zilikuwa zimefunguliwa na kuhamishwa kabla ya saa nne asubuhi, kwa ngamia wawili ambao mzee alikuwa amewanunua tena, kwa bei ya juu kuliko aliyowauzia. Mama hakusema neno, alinihakikishia, ila alitabasamu kutwa nzima.

Kabla ya kukata simu akasema adeer ana swali. Shule zikifungwa Agosti, msimu wa upepo, anataka kujua kijana wangu anakula nini, ili mama ajue la kutayarisha. Mume wangu alikuwa ameketi karibu, anasikia. Nilimtazama, naye akaendelea kusoma gazeti lake kwa muda, kisha akasema niwaambie anakula kila kitu isipokuwa vitunguu.